Kabla ya Kukata Tiketi: Mwongozo Kamili wa Kuijua Sababu Yako ya Kusafiri Baada ya Corona

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu amesubiri likizo mwaka mzima, amedunduliza nauli, amesafiri, kisha amerudi Dodoma amechoka kuliko alivyoondoka. Mfuko mtupu, na hamu ya kuondoka bado iko palepale. Mwezi unaofuata anapanga safari nyingine. Ukimuuliza anatafuta nini, anajibu, "Baada ya Corona nimejua maisha ni mafupi." Ni kweli maisha ni mafupi, ila hajasema anatafuta nini.

Mwongozo huu una kazi moja: kukusaidia kuijua sababu yako halisi kabla hujatoa hela. Naamini kabisa kwamba safari nyingi za miaka hii zinaharibikia nyumbani, hata kabla basi halijatoka stendi ya Nanenane. Kipindi cha Corona kiliwaachia watu madeni: ya kuonana, ya kuagana, ya kupumzika. Wengi wanahangaika kuyalipa, lakini wanampelekea malipo asiyewadai.

Tenga jioni mbili na nusu siku ya mapumziko. Kazi hii haifanyiki ndani ya daladala wala katikati ya kikao.

Unavyohitaji

- Daftari na kalamu. Ukiandika kwenye simu, ujumbe mmoja wa kundi la familia unatosha kukutoa kwenye wazo ulilokuwa umelikaribia.
- Picha zako za kuanzia Machi 2020. Zipitie kwanza, kisha simu ikae chumba kingine.
- Hesabu ya hela uliyonayo kweli, baada ya kutoa ada, kodi ya nyumba na chakula cha mwezi.
- Mtu mmoja anayekufahamu tangu kabla ya 2020 na asiyeogopa kukwambia ukweli. Anaweza kuwa dada, mama mdogo au rafiki wa chuo. Asiwe yule unayepanga kusafiri naye, maana naye ana hamu zake.
- Dawa unazotumia, kadi ya bima ya afya kama unayo, na barakoa chache. Hivi ni vya hatua ya nne.

Hatua ya 1: Andika safari zilizokatika

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila safari ambayo ungeifanya tangu Machi 2020 na haikufanyika: harusi ya binamu, Idi au Krismasi nyumbani, mahafali, matanga, kumpeleka mtoto akamjue bibi yake. Kulia andika nani alikuwa anakusubiri kule.

Kumbukumbu zikigoma, jisaidie na tarehe. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Vyuo na kidato cha sita vilirudi Juni 1, shule nyingine Juni 29. Chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021. Kwa kila tarehe jiulize ulikuwa wapi, na nani wako alikuwa mbali.

Tunaanza hapa kwa sababu Tanzania hatukufungiwa majumbani kama nchi nyingine. Mabasi yaliendelea kutembea, kwa hiyo wengi wanadhani hawakupoteza safari yoyote. Ukweli ni kwamba watu walijizuia wenyewe. Mmoja aliogopa kumpelekea baba yake ugonjwa. Mwingine aliambiwa kwa simu, "Usije sasa hivi, mwanangu, hali ikitulia utakuja," na hali ilipotulia mwenye kusema hivyo hakuwepo. Safari uliyojizuia mwenyewe haikuandikwa popote, ndiyo maana mtu anaisahau huku inaendelea kumsumbua.

*Tahadhari:* likijitokeza jina la marehemu na kifua kikabana, funga daftari. Zungumza na mtu, lala, endelea siku nyingine. Usiingie hatua ya pili usiku huohuo.

*Utajua umefaulu* ukiona upande wa kulia umejaa majina ya watu, na mstari mmoja angalau umekushtua.

Hatua ya 2: Uliza "ili iweje?" mpaka jibu ligome kubadilika

Andika safari unayoitaka sasa hivi, bila kuipamba. Kisha mpe yule mtu wako kazi ya kukuuliza swali moja tu. Tuseme mtumishi wa wizara pale Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, amempigia dada yake mkubwa:

"Shikamoo dada. Mwezi wa saba nataka kwenda Zanzibar."

"Marahaba. Ili iweje?"

"Nikapumzike."

"Upumzike ili iweje?"

"Kazi, dada. Tangu tuhamie huku sijatulia hata wiki."

"Na Zanzibar ndiko utatulia?"

"Kuna bahari, kuna upepo..."

"Bahari ilikuwepo na mwaka jana ulipokwenda. Ili iweje?"

Anakaa kimya kidogo. "Ili nisipigiwe simu na ofisi, dada."

Hapo wamefika. Mtu anayetaka asipigiwe simu hahitaji boti wala hoteli ya Julai, mwezi ambao bei za kule ziko juu kwa sababu wageni ni wengi. Anahitaji kukabidhi kazi kwa maandishi na kuzima simu. Asipofanya hivyo atapigiwa simu akiwa ufukweni, na atapokea.

Jibu la kwanza mara nyingi tumelisikia kwa wengine: picha tulizoona, stori za kazini, mambo ya majirani. Jibu lako mwenyewe linakuja la tatu au la nne, na huja polepole. Ndiyo maana nasisitiza pawe na mtu wa kuuliza. Ukijiuliza peke yako utajihurumia na kusimama kwenye "nipumzike."

*Tahadhari:* muulizaji asitoe ushauri. Akianza kusema "mimi ningekuwa wewe," kazi imeharibika, mwahirishe mpaka kesho.

*Utajua umefaulu* ukipata jibu lisilo na jina la mji ndani yake.

Hatua ya 3: Ipe sababu jina lake

Mwaka 1977 mwanasosholojia Graham Dann alitofautisha mambo mawili katika safari: kinachomsukuma mtu atoke alipo, na kinachomvuta aende anakokwenda. Tofauti hiyo inatusaidia sana leo. Watu huangalia mvuto, yaani fukwe, mbuga, hoteli yenye bwawa, na hawauangalii msukumo. Baada ya Corona, kwa wengi ninaozungumza nao hapa Kanda ya Kati, msukumo ndio mkubwa. Soma haya yafuatayo na uone lipi ni lako.

Deni la msiba. Naliweka la kwanza kwa sababu ndilo zito na ndilo linalojificha zaidi. Katika miaka ile kuna watu walizikwa haraka, na waombolezaji wakiwa wachache. Ndugu wa mbali walituma rambirambi kwa simu na kuomba radhi. Kwetu mtu asiyefika msibani anabaki anadaiwa. Hata baada ya mwaka hufika, akakaa kwenye mkeka na wafiwa, akaonyeshwa kaburi, akapewa maji ya kunywa, ndipo akahesabiwa amehani. Asiyefanya hivyo anaubeba msiba peke yake.

Dalili zake zinatambulika. Unapanga safari za starehe kila upande isipokuwa njia ya kwenu. Ukipita Kibaigwa na kuona gari linalokata kwenda kijijini, unageuza macho. Mtoto akimtaja babu yake, unabadilisha mazungumzo. Ukiwa hivyo, wiki nzima ya Zanzibar haitakusaidia, na si kosa la Zanzibar.

Dawa yake ni safari fupi isiyochanganywa na kitu kingine. Mpigie kwanza mkubwa wa familia umweleze unakuja kuhani, asikuandalie sherehe. Beba sukari, unga, mchele, na chochote ambacho ni desturi ya nyumba ile. Kamera ibaki kwenye begi. Ukifika usianze kueleza kwa nini hukuja. Waache wao waseme, hata kama watasema kwa uchungu. Omba kupelekwa kaburini. Lala usiku mmoja kama wanakuruhusu, kwa sababu mambo mengi husemwa baada ya chakula cha usiku, wageni wengine wakishaondoka. Kama una siku mbili tu za likizo mwaka huu, zitumie hapa.

Uchovu. Anayetaka kulala, kunyamaza na kutopangiwa ratiba. Huyu adui yake ni safari ndefu.

Macho ya watu. Jipime kwa swali hili: ungekwenda kama usingeruhusiwa kupiga picha hata moja ya kuweka status? Kama jibu ni hapana, usijione mwovu. Mtu aliyeishi miaka miwili akihofia kufa ana haki ya kutaka watu wamwone yu mzima. Lakini haja hiyo hutimia vizuri zaidi nyumbani, kwa kuwaita watu mkala pamoja, kuliko kwa kukopa hela ya kwenda kupiga picha kwenye bwawa la hoteli.

Haraka. "Twende sasa, hatujui kesho." Anayesukumwa na hili hukata tiketi usiku na kujuta asubuhi. Weka sheria ya kulala siku tatu kabla ya kulipa.

Nadhiri. Wapo walioahidi kitandani kwamba wakipona watakwenda mahali fulani kushukuru, msikitini, kanisani au kwa mtu aliyewauguza. Nadhiri haina mbadala. Itimize kama ulivyoisema.

Udadisi. Unataka kuona na kujua tu. Kati ya sababu zote, hii ndiyo isiyosumbua mtu, na wanaosafiri kwayo hurudi wamechangamka.

*Utajua umefaulu* ukibaki na sababu moja, au mbili kwa mpangilio wa uzito. Ukiwa na nne, rudi hatua ya pili.

Hatua ya 4: Tenganisha hofu na tahadhari

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba Uviko-19 si dharura ya dunia tena. Halikusema kwamba kirusi kimekwisha. Watu wengi wamebaki katikati: wanacheka na barakoa, lakini wanachagua safari kwa kuogopa siti ya katikati kwenye basi lililofungwa madirisha. Hofu isiyotajwa inakuamulia mambo bila wewe kujua.

Andika kila unachoogopa, na mbele yake uandike unachoweza kukifanya. "Naogopa basi lililojaa": siti ya dirishani, barakoa, basi la asubuhi. "Naogopa kumwambukiza bibi": nikipata kikohozi au homa siku chache kabla, naahirisha, nikifika tunakaa nje chini ya mti, si chumbani. "Presha yangu": dawa za siku zote pamoja na za akiba, ndani ya mkoba wa mkononi.

Kinachobaki bila jibu mbele yake ndicho hofu yenyewe. Hicho kizungumze na mtu wako, au na daktari kama kinakunyima usingizi.

*Tahadhari:* kujifukiza nyungu asubuhi ya safari si kibali cha kwenda kwa wazee ukiwa na homa.

Hatua ya 5: Chagua mahali panapoijibu sababu

Sasa ndipo ramani inaruhusiwa kufunguliwa. Wengi huanza nayo, na hapo ndipo wanapokwama.

*Kwa uchovu, chagua karibu.* Hombolo ina bwawa na mashamba ya zabibu, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukitaka kulala nje, Singida mjini kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, na miamba ya kukaa ukitazama maji. Agiza ugali wa mtama na mlenda, lala mapema. Usijaze siku.

*Kwa udadisi, nenda Kolo.* Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro ni zaidi ya 150. Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye barabara ya lami iendayo Babati, kwa hiyo mabasi na magari madogo yanapita. Anzia kwenye ofisi ya wasimamizi pale kijijini upewe mwongozaji. Usipande mwenyewe, maana njia ina mawe na mwinuko. Vaa viatu vinavyoshika. Usiguse michoro na usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Maji na mafuta ya vidole vinaifuta.

Pale Mungomi wa Kolo watu bado wanafanya matambiko. Mwongozaji akisema msubiri au mseme kwa sauti ya chini, fanya hivyo. Nakusihi uende na muda wa kutosha. Watu wanafika, wanapiga picha ya twiga mwekundu au ya watu wenye vichwa vikubwa, wanashuka. Kaa mbele ya mwamba mmoja mpaka macho yazoee. Michoro ipo juu ya michoro, na ya chini haionekani kwa haraka.

*Kwa msiba na nadhiri,* mahali pameshajichagua. Kama ni vijiji vya Wagogo, wasalimie wazee "Mbukwenyi" kabla ya neno lingine lolote.

*Tahadhari kuhusu treni:* tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, Dar es Salaam imekuwa safari ya saa chache. Ni neema kubwa. Lakini urahisi huo umezaa safari zisizo na sababu: mtu anakwenda Ijumaa na kurudi Jumapili kwa kuwa tiketi ilipatikana. Kama sababu yako haikupeleki Dar, tiketi kupatikana hakuifanyi Dar kuwa jibu.

*Kuhusu majira:* mvua zetu ni kati ya Desemba na Aprili, na barabara za vumbi huwa tope. Juni na Julai usiku kuna baridi na upepo. Mwenyeji wa Pwani asidharau sweta.

*Utajua umefaulu* ukiweza kukamilisha sentensi hii bila kusitasita: "Nakwenda mahali fulani, kufanya jambo fulani, na nikishalifanya safari yangu imetimia."

Hatua ya 6: Nusu siku ya majaribio

Usiruke hatua hii, hasa kama safari yenyewe itakula hela nyingi.

Chagua asubuhi moja ya Jumamosi au Jumapili. Panda Mlima Simba hapa Dodoma kabla jua halijawa kali, ukiwa na maji ya kutosha na mwenzako anayeweza kunyamaza. Simu izimwe. Usiende peke yako. Kama magoti hayaruhusu kupanda, kaa chini ya mbuyu wowote nje ya mji kwa muda uleule.

Usijilazimishe kuwaza jambo lolote. Kaa tu, tazama mji ulivyotapakaa chini, sikiliza. Ukishuka andika mawazo yaliyorudi zaidi ya mara moja.

Kama alirudi mtu mmoja, safari yako ni ya kwenda kwake. Kama ulisinzia, ni uchovu. Kama muda mwingi uliwaza nani angeona picha ya pale juu, unajua sehemu yake katika hatua ya tatu. Kama ulianza kuhesabu ndege na kujiuliza mawe yale yalifikaje pale, nenda Kolo.

*Tahadhari:* ukiona hatua hii imepingana na jibu la hatua ya pili, iamini hii. Pale juu hukuwa na mtu wa kumridhisha.

Hatua ya 7: Njiani

Gawa hela mafungu matatu: nauli ya kwenda na kurudi, matumizi, dharura. Fungu la dharura lisiguswe hata kwa zawadi.

Isome sentensi yako ya hatua ya tano asubuhi kabla ya kutoka chumbani. Ukialikwa kupitia kwa fulani au kuona mahali pengine "kwa kuwa tupo karibu," iulize sentensi hiyo kwanza. Kukataa kwa adabu kunawezekana: "Safari hii nimekuja kwa jambo moja, mama, nitakuja tena kwa ajili yako." Watu wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Hatua ya 8: Baada ya kurudi

Subiri wiki moja, kisha fungua daftari. Je, lile jambo lilifanyika? Na hamu ya kuondoka ikoje sasa?

Hamu ikiwa imetulia, sababu ilikuwa yenyewe. Ikiwa ileile na jambo lilifanyika, kuna sababu ya pili iliyokuwa chini yake. Rudi hatua ya kwanza, upande wa kulia, utafute jina ulilolipita haraka.

Ukikwama

*Mume na mke wana sababu tofauti.* Kila mmoja afanye hatua ya pili na mtu wake, kisha mbadilishane madaftari. Akiwa mmoja ana msiba na mwingine ana uchovu, msiulazimishe mchanganyiko. Nendeni msibani wote wawili kwanza, halafu mpumzike nyumbani siku zilizobaki bila wageni.

*Kazini wanataka tarehe sasa hivi.* Omba tarehe, usitaje mahali. Nauli ya likizo haikulazimishi kwenda mbali zaidi ya haja yako.

*Jibu limekuja kwamba usiende.* Hutokea, na ni matokeo halali ya kazi hii. Mara nyingi anayetakiwa kusafiri ni mtu mwingine: mama ambaye tangu uhamie Dodoma hajawahi kuona unapoishi. Muulize kwanza kama anapenda kuja na afya yake inaruhusu. Mkatie tiketi wewe mwenyewe badala ya kumtumia hela, kwa sababu hela ataigawa kwa wajukuu. Chagua siti ya mbele, basi la asubuhi, na umwombe konda namba yake ya simu. Usimtume bodaboda kumpokea. Uwe umeshafika stendi kabla basi halijaingia.